Koleo la Upepo na Koleo la Mafuta

Wasikilizaji wetu, nanyi wanafunzi mtakaosoma maneno haya kitabuni, leo twataka kuzungumza habari za kiganja cha mtambo. Mtu aliyepata kumtazama mhunzi kazini amekwisha kuona asili yake. Chuma kimo motoni, chekundu. Mhunzi hawezi kukishika kwa mkono, basi hutwaa koleo, akakibana, akakiweka juu ya fuawe. Mipini ya koleo ni mirefu na vidole vyake ni vifupi, na kwa sababu hiyo nguvu ndogo ya ngumi huwa nguvu kubwa pale penye chuma.

Sasa tumwondoe mhunzi, koleo libaki. Mwaka 1961, katika Marekani, mtambo ulioitwa Unimate uliwekwa katika kiwanda cha General Motors karibu na mji wa Trenton, jimbo la New Jersey. Uzani wake ulipata ratli 4,000, nao ulikuwa na mkono mmoja tu. Kazi yake ilikuwa kutoa vyuma vilivyomiminwa katika kalibu, vingali moto, kazi ambayo hapana mtu aliyeipenda. Mkono ule uliendeshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa kwa pampu. Tangu siku zile mitambo ya namna hiyo imezidi kuwa mingi, na mara nyingi huhitaji koleo mwishoni mwa mkono wake. Na koleo likiachia, kilo kadha wa kadha za chuma cha moto huanguka, labda juu ya mguu wa mtu. Kwa hiyo fundi anayebuni koleo hana ruhusa ya kukisia.

Ni kitu gani kitakachobana mahali pa ngumi ya mhunzi? Mara nyingi ni mojawapo ya vitu viwili, yaani hewa iliyoshindiliwa, au mafuta. Desturi yake aliieleza Mfaransa Blaise Pascal, ambaye kitabu chake juu ya jambo hili kilitolewa mwaka 1663, baada ya kufa kwake. Alionyesha kwamba maji yaliyofungwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, msukumo haubaki pale pale, bali huenea pande zote sawasawa. Kila sentimita ya mraba hupata fungu lake. Basi pistoni ndogo ikisukuma maji kwa kilo 1, pistoni yenye eneo mara kumi itainuliwa kwa kilo 10, ila mwendo wake utakuwa sehemu moja tu katika kumi. Hapana kinachopatikana bure.

Jambo hili lilijulikana zaidi ya miaka mia kabla halijawafaa watu sana, kwa sababu maji yalivuja. Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya kulinda shindikizo lake la maji mwaka 1795, na shida yake kubwa ilikuwa kuziba kando ya pistoni bila kuizuia isiende. Ukikaza kizibo, pistoni hukwama. Ukikilegeza, maji hutoka. Henry Maudslay, fundi katika karakana yake, ndiye anayetajwa kuwa aliyeponya shida hiyo kwa ngozi iliyokunjwa kama kikombe. Maji yakisukuma, huutanua ukingo wa kikombe na kuukandamiza ukutani. Msukumo ukizidi, na kizibo huzidi kukaza. Fungueni pampu ya zamani ya baiskeli, mtaiona ngozi ya namna hiyo mwishoni mwa fimbo. Siku hizi vizibo hufanywa kwa mpira au plastiki, lakini akili ni ile ile.

Haya, na tubuni koleo letu. Tuseme lataka kushika kipande cha chuma cha kilo 2, chenye mafuta juu yake, kama vilivyo vyuma vingi vya kiwandani. Vidole ni viwili, bapa, vinabana ubavuni. Kinachozuia kipande kisiteleze ni msuguano peke yake, na chuma juu ya chuma penye mafuta huweza kuwa na msuguano wa sehemu moja tu katika kumi ya nguvu ya kubana. Kila kidole kikibana kwa kilo 10, kitazuia kilo 1; vidole viwili vitazuia kilo 2. Basi kilo 10 zatosha? La, hasha. Mkono hausimami tu. Huondoka kwa ghafula, na kitu kinachoinuliwa kwa ghafula huwa kizito kuliko uzani wake, kama ajuavyo kila mtu aliyejaribu kuivuta ndoo ya kisimani kwa pupa akaikata kamba. Tuhesabu kwamba uzito umekuwa mara mbili: kilo 20. Tena yafaa tuzidishe mara mbili kwa ajili ya usalama, maana huenda siku moja mafuta yakazidi: kilo 40. Hivyo kitu cha kilo 2 chataka kubanwa kwa kilo 40 kila upande. Wanaobuni kwa mara ya kwanza hushangaa sana wafikapo hapa, na wengine hawasadiki mpaka kipande kimeanguka.

Kwa kawaida hewa ya kiwandani hushindiliwa hata kufikia kadiri ya kilo 6 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 32 ina eneo la sentimita za mraba 8 na kidogo, basi itasukuma kwa kilo 48. Yatosha. Tukitumia mafuta, pampu yaweza kutoa kilo 60 kwa sentimita ya mraba bila taabu. Hapo pistoni ya milimita 10, isiyozidi unene wa kidole cha mtu, itasukuma kwa kilo 47. Angalieni tofauti hiyo! Kazi ni ile ile, na pistoni ya mafuta haifikii theluthi ya upana wa ile ya hewa.

Mtu aweza kusema, basi mafuta yameshinda. Sisi hatusemi hivyo upesi. Mafuta yataka pampu yake, tangi lake, na bomba la kuyarudisha. Hewa ikimaliza kazi huachiliwa itoke zake, "pssss," kama breki za lori. Mafuta yakivuja huchafua kazi, na karibu na chuma cha moto yaweza kushika moto, hata mahali pengine hutumiwa maji yaliyochanganywa na dawa badala yake. Kwa vitu vyepesi vya kushikwa upesi upesi, hewa ndiyo iliyo bora; kwa vizito sana, au mahali palipo pembamba mno, mafuta. Lakini hewa ina tabia moja ambayo fundi hana budi kuikumbuka: hubonyea kama mpira, na ikipata nafasi hufumuka. Kipande kikichopoka, vidole hufunga kwa kishindo, na kidole cha mtu kikiwapo katikati hakitasalimika.

Udogo wa koleo si urembo. Mkono uwezao kuchukua kilo 5, ukitiwa koleo la kilo 3, utabakiwa na kilo 2 tu za kazi yenyewe. Kwa hiyo mafundi hupenda aluminiamu kwa mwili wa koleo, na chuma kigumu pale tu panaposuguana. Njia moja tunayoipenda ni kuweka pistoni mbili ubavu kwa ubavu, kila moja ikisukuma kidole chake, na katikati yao gurudumu dogo la meno linaloumana na fimbo zote mbili. Pistoni moja haiwezi kutangulia nyingine, na kitu hushikwa katikati daima.

Vidole navyo visiwe virefu kupita haja. Kidole kirefu hutaka kupinduka katika njia yake kama mlango uliotundikwa kwa bawaba moja, nacho huikwaruza njia ile hata koleo likaanza kutikisika. Tena, kama inawezekana, msitegemee msuguano peke yake. Kitu cha mviringo kikatiwe vidole pembe mfano wa mdomo wa panya-buku, kikae ndani yake. Kitu chenye ukingo kipewe kijino cha chini cha kukipakata. Kijino hicho cha milimita chache chaweza kuokoa nusu ya ukubwa wa pistoni.

Je, hewa ikikatika? Bomba hupasuka, kompresa husimama, mtu hukanyaga mpira. Koleo lisilofikiriwa vema litafumbuka pale pale. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni vali inayoruhusu hewa kuingia isiruhusu kurudi, ila ikiamriwa. Hii hushika kwa muda, lakini vizibo huvuja polepole. Ya pili ni springi ya kufunga, na hewa ikawa kazi yake kufungua au kuongeza nguvu. Madereva wa malori makubwa wanaijua akili hii: hewa ikiisha katika matangi, springi ndizo zinazokaza breki, gari likasimama. Springi hula nafasi na kuongeza uzani, nasi twaona ni haki yake pale ambapo watu hupita chini ya mkono.

Neno moja kwa walio pwani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, nayo ikishindiliwa kisha ikapoa hutoa maji. Tangi la kompresa lisilofunguliwa chini kila siku litapeleka maji hayo katika silinda, na kutu itafuata. Si kazi kubwa kulifungua, lakini husahauliwa kuliko zote.

Wanafunzi waweza kujaribu wenyewe. Tafuteni mabomba mawili ya sindano ambayo hayajatumiwa, bila sindano zake, moja dogo na moja kubwa, na mpira mwembamba wa kuyaunganisha. Jazeni maji yote, msiache kiputo. Mtoto mmoja asukume dogo, na mwenziwe, hata akiwa mkubwa, azuie bomba kubwa kwa kidole gumba. Mtaona nani atashindwa. Kisha mwageni maji, muache hewa tupu, mjaribu tena. Bomba dogo litaingia mbali kabla bomba kubwa halijatikisika, na mkiachia ghafula litarudi lenyewe.