Okidi Ikishachanua Mara Kadhaa: Bua Likatwe au Liachwe?

Wakazi wanaopanda okidi nyumbani hufurahi bua moja la maua linapochanua mara ya pili, hata ya tatu. Lakini maua hayo hutumia chakula ambacho mmea umehifadhi kwenye majani na mizizi. Okidi isiyopumzika hudhoofika, majani yakalegea, na inaweza kufa mwenyewe akidhani ni ugonjwa.

Maelezo haya yanahusu Phalaenopsis, okidi ya vyungu yenye majani mapana na maua mfano wa kipepeo. Ua la mwisho likianguka, bua na majani yaangaliwe kwanza:

• Bua lililokauka au kugeuka manjano halitachanua tena. Likatwe karibu na chini, zibaki sentimita 2 hivi.

• Bua likiwa la kijani, limechanua mara moja tu na mmea una majani manne au zaidi yaliyo imara, likatwe juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Tawi jipya likitokea hapo, maua huonekana baada ya wiki 8 hadi 12, ingawa huwa machache na madogo kuliko ya awali.

• Bua likiwa la kijani lakini limechanua mara kadhaa, au majani yamelegea, ni heri likatwe lote. Mmea utapata nguvu ya kuotesha majani na mizizi, kisha utoe bua jipya lenye maua mengi zaidi.

Kabla ya kuhamia mmea mwingine, kisu kipitishwe kwenye moto na kuachwa kipoe, kwa sababu virusi huenezwa na utomvu unaobaki kwenye makali.

Baada ya kukata, chungu kiwekwe penye mwanga bila jua kali. Maji yatiwe mizizi inapobadilika kutoka kijani kuwa kijivu, wala yasituame chunguni. Usiku wenye nyuzi 15 hadi 18 kwa wiki kadhaa huchochea bua jipya; kwa wakazi wa nyanda za juu, baridi ya Juni hadi Agosti hufaa, mradi chungu kiwe ndani ya nyumba.

Aina nyingine ni tofauti. Bua la Cymbidium huchanua mara moja tu, hivyo hukatwa chini. Mashina ya zamani ya Dendrobium yasikatwe yakiwa bado ya kijani, kwani yanaweza kuchanua tena.