Waifai ya Nyumba na Haki ya Jirani

Usiku mmoja mjini Kitui, tulipokuwa tukirejea kwa mwenyeji wetu baada ya sala ya Isha, tuliwakuta watoto watatu wameketi chini, wameegemea ukuta wa nyumba yake kwa nje, wameinamia simu moja. Tulidhani ni mchezo. Mkubwa wao, msichana wa Gredi ya Nane, alitutolea salamu, kisha akasema kama anayeomba radhi: "Ustadh, mtandao unashika vizuri hapa ukutani." Walikuwa wakisoma kazi waliyopewa na mwalimu wao wa sayansi.

Mwenyeji wetu ni mwalimu mstaafu, mama aliyekwisha kuwaozesha wanawe wote. Tulimwuliza kama gharama haimlemei. Akatujibu huku akitumiminia chai: "Sheikhe, watoto hawa wakiwapo nalipa kiasi kile kile, na wasipokuwapo nalipa kiasi kile kile. Sasa nikiwafukuza nitapata nini?"

Hatukuwa na jibu, na sababu ya kukosa jibu twaijua sisi wenyewe. Miezi michache kabla ya safari hiyo, nyumbani kwetu pwani, kijana wa jirani alikuwa na desturi ya kukaa barazani kwetu na simu yake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akitafuta nafasi ya chuo. Siku moja tukabadilisha neno la siri bila ya kumwambia. Tulijisemesha kwamba mtandao umekuwa mzito. Kwa hakika hapana mtu wa nyumbani aliyelalamika. Tuliona tu kwamba kitu ni chetu, na kwamba kijana amezidi kukaa barazani. Baadaye tukasikia kuwa siku za kuomba nafasi zilimpita. Hatusemi kuwa ni kwa ajili yetu peke yetu. Wala hatuwezi kusema kwamba hatumo.

Wanavyuoni wengi walioifasiri Suratul Maun wameeleza kuwa lawama ya mwisho wake inawahusu wanaowanyima wenzao vitu vidogo vya kutumiana nyumba kwa nyumba, kama sufuria, shoka na ndoo. Vitu ambavyo mwenye navyo hapungukiwi akiviazimisha. Tumewasomesha watoto wa madrasa sura hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na hatukuwahi kufikiri kuwa kile kisanduku chenye vitaa vya kijani juu ya kabati letu huenda nacho kimo katika hesabu hiyo.

Na hesabu ni nyepesi. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikifanya kazi usiku na mchana, inaweza kupitisha takriban gigabaiti 100 kwa siku moja. Familia ya kawaida, hata ikitazama video jioni nzima, haiikaribii. Kinachobaki hakiwekwi akiba kama unga wa debe; saa ikipita nacho kimepita. Aliye na kifurushi chenye kikomo ana udhuru wake, na hatumkusudii hapa. Twamsema anayelipa kwa mwezi, atumie asitumie.

Tuliondoka Kitui kwa barabara inayoteremka kusini kupita Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Mito mingi ya njia hiyo ni mchanga mtupu wakati wa kiangazi, lakini mchanga huo una maji ndani yake. Wakamba wa kaunti hizi mbili wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe au zege hukatizwa korongoni, mvua za misimu kadhaa hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa chini ya mchanga, yamesitirika na jua. Kiangazi kikizidi, watu huchimba na kuteka. Mawe na mchanga wa kujengea huchukuliwa na vikundi vya mwethya, yaani majirani waliojikusanya kufanya kazi ambayo nyumba moja haiiwezi. Anayeteka ana zamu yake, na kisima kina wasimamizi wake.

Kibwezi tulitokea kwenye barabara kuu ya Mombasa. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009, na mawasiliano yake yanapita nchi hii ya Makueni kuelekea Nairobi. Yaani mtandao unaotoka kwetu pwani huwapita wanavijiji wa huku kama basi la usiku. Mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona na masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni, mtoto asiye na bando alibaki kuchunga mbuzi. Leo cheti cha kuzaliwa huombwa mtandaoni, na nafasi ya chuo vivyo hivyo. Hizi si anasa tena.

Wapo watakaouliza: je, jirani akiingia katika machafu, au akamtapeli mtu kwa kupitia laini yangu? Hofu hii ina haki, kwani mchunguzi huanzia kwa mwenye laini. Hatushauri mlango uachwe wazi kwa kila mpita njia. Ruta nyingi za siku hizi zina sehemu ya mtandao wa wageni, wenye jina lake na neno lake la siri, mbali na simu na kompyuta za nyumbani. Nyingi huweza kuwekewa kiasi cha kasi na saa ya kufungwa, na ipo mipangilio ya bure ya kuzuia kurasa za uchafu. Kijana yeyote wa mtaani atakufanyia kazi hiyo kabla chai haijapoa. Mpe neno la siri mtu umjuaye, kwa jina lake na jina la mamake, na umweleze masharti.

Jambo jingine ni mkataba. Mikataba mingi ya waifai ya nyumbani inakataza kuiuza, basi isomwe, na penye shaka kampuni iulizwe. Wanaotaka kuunganisha mtaa mzima wana njia ya halali: mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na wanajamii wenyewe. Kibera wameifanya kazi ya namna hii kupitia mtandao wa Tunapanda, wakaunganisha shule na vituo vya vijana. Msikiti wenye madrasa na mnara mrefu hauna sababu ya kushindwa.

Tuliporudi nyumbani tulimwita mpwa wetu, akatutengenezea mtandao wa wageni. Tuliandika neno la siri kwenye karatasi, tukabisha hodi kwa jirani. Kijana hakuwapo, alikuwa amekwenda Mombasa kubeba mizigo. Mamake aliipokea karatasi, akaisoma, akanyamaza kidogo. Kisha akatuuliza atakuwa akilipa shilingi ngapi kwa mwezi. Tulimwambia hapana malipo. Akamwita binti yake mdogo, aliye Gredi ya Sita, akampa karatasi akamwambia aiweke ndani ya msahafu isipotee.