Istilahi za Kuchonga Nyuso Nyingi: Kutoka Tezo ya Wabajuni hadi Mkono wa Roboti

Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila misumari, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wabajuni, ambao makazi yao yanaanzia visiwa vya Lamu, yakapitia Chula, Chovai na Koyama hadi Kismayu, walikuwa miongoni mwa waundaji wake wakuu. Mfano uliojengwa mwaka 2003 uliwekwa Beit al-Ajaib, Unguja, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Taasisi itakayotaka kuchonga upya gubeti la chombo hicho huenda ikatumia mkono wa roboti wenye kikatio, na hapo fundi na mtaalamu wa mashine watahitaji lugha moja ya kuelezana kasoro.

Kasoro iliyo kuu hutokea mti unapogeuzwa. Uso wa kwanza hutoka vizuri. Wa pili ukichongwa, kidato huonekana pale nyuso mbili zinapokutana. Kidato kikiwa na kimo kilekile kuanzia ncha hadi ncha, nukta ya marejeo ndiyo iliyokosewa. Mti uliogeuzwa nyuzi 180 huonyesha kosa hilo maradufu: mhimili uliodhaniwa ukipishana na mhimili halisi kwa milimita 1, nyuso hupishana kwa milimita 2. Fundi arekebishe nusu ya anachokipima. Akirekebisha chote, kidato kitahamia upande wa pili. Kidato kinachopanuka kuelekea ncha moja huashiria kwamba mti umefungwa kwa mshazari.

Ipo hali inayotatiza zaidi: mti umefungwa sawasawa, lakini nyuso zilizoendewa kwa minamo tofauti ya kifundo hazilingani. Hapo mashine haijui ncha ya kikatio ilipo. Ncha hiyo isogezwe kwenye sindano isiyotikisika kutoka pande kadhaa. Ikitangatanga, vipimo vya kikatio virekebishwe kabla ya kugusa programu. Mawimbi yanayotokea mkono unapofika mbali ni jambo jingine. Mkono wenye viungo sita hunepa kuliko mashine ya kuchongea yenye fremu nzito, kwa hiyo kina cha mkato kipunguzwe au kazi isogezwe karibu. Mti nao hupinda uso mmoja ukiondolewa nyama nyingi; heri nyuso zote zichongwe kwanza kwa kuacha unene, ndipo zisawazishwe. Fundi wa tezo hahitaji kufundishwa hilo.

Katika istilahi, neno “upande” halitoshi, kwa kuwa hutaja mwelekeo na sehemu pia. “Uso” hutaja kinachochongwa. Tezi na omo, taruma na mkuku tayari vinampa mtaalamu wa mashine majina ya mahali pa kupimia. Hata hivyo, kamusi sanifu haionyeshi maneno yote ya karakana za Kibajuni, lahaja ambamo “mtu” ni “mchu”. Tangu mwaka 1991 vita vimewatawanya wasemaji wengi, baadhi wakikimbilia Kenya. Washauri wa sera wanaogharimia uundaji wa istilahi za teknolojia wangefaa kutenga sehemu ya fedha hizo kuwarekodi waundaji wazee wakiwa na mti mkononi, kwa maana jina la mkato hukumbukwa vyema mkato unapopigwa.