Vipande vya ordinatere ku intaneti: usilipe takse mara mbili

Mu Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, wafanyakazi mingi wa mine sasa wanaagiza vitu ku intaneti. Huyu anatafuta diske ya ordinatere ya mutoto mwenye kusoma ku univerisite. Mwingine anatafuta ram ya mashini ya bibi yake, mwenye kufungua sekretaria kidogo mu kambi. Wengine wanaagiza ekra, batri ao karte mere. Ku telefone bei inaonekana muzuri, inashinda ya hapa mu muji. Mutu anatuma feza na anangojea. Siku koli inafika, deklaran anamupigia simu: "Papa, inabakia duane na TVA." Hapo njo mabishano yanaanza mu nyumba. Bibi anauliza: takse si ulishalipa kule ulinunua? Anachukua fakture, anaonyesha na kidole: takse iko, imeandikwa.

Bibi hakosei. Takse ililipwa kweli. Shida ni kwamba ililipwa ku Leta yenye haikupashwa kuipokea. Leta yenye iko na haki ya kuipokea ni yetu, na yenyewe ingali inangojea. Mutu mwenye kuelewa jambo hilo mbele ya kutuma feza anaweza kuokoa makumi ya dola ku koli moja tu.

Takse inafuata fasi kitu kinaenda

Inchi zenye TVA zinafuata kanuni moja: takse ya kununua inalipwa fasi kitu kinaenda kutumiwa, hapana fasi kinatoka. Kitu chenye muuzishaji anatuma inje kinatoka bila TVA ya kule. Kikiingia mu Kongo, kinalipa TVA ya Kongo. TVA yetu ni 16 %. Ilianza tarehe 1 Januari 2012 na ikakamata fasi ya ile takse ya zamani, ICA, yenye wazee wangali wanakumbuka. Kwa vitu vyenye kutoka inje, DGDA njo inalipisha, ikuwe ku Kasumbalesa ao ku kiwanja cha ndege cha Luano.

Lakini muuzishaji wa inje hatoi takse yake sababu tu unaitwa Mukongomani. Anaitoa kama yeye mwenyewe anatuma koli inje ya inchi na anabakia na karatasi za kushuhudia kama ilitoka. Ukimwambia apeleke koli kwa ndugu yako ku Paris, ku Johannesburg ao ku Dallas, kwake yeye kitu kimeuzishwa mulemule mu inchi. Atahesabu takse, na haki iko yake. Kiisha ndugu yako atakutumia ile koli, na hapa utalipa tena. Watu wengi wanaanguka mu ule mutego, na njia yenye walifikiri ni ya ujanja inakuwa ya bei kali.

Tufanye hesabu

Tuchukue mufano. Ku Ufaransa TVA ni 20 %. Kipande kimoja kinaonyeshwa 240 euro, takse ndani. Wengi wanafanya 20 % ya 240, wanasema takse ni 48. Hapana. Inaomba kugawanya 240 na 1,20: bei bila takse ni 200, na takse ni 40.

Mununuzi wa kwanza anaomba bei bila takse, koli inatoka moja kwa moja kuja Kongo. Analipa 200 ya kipande, 45 ya usafiri na 5 ya asiransi: jumla 250. Iyo njo madeklaran wanaita CIF. Tarifu ya duane iko na madaraja ya 5, 10 na 20 %, kufuatana na aina ya kitu. Tuseme hapa ni 10 %: duane ni 25, tunafika ku 275. TVA ya Kongo inahesabiwa juu ya ile 275, hapana juu ya 200: 16 % yake ni 44. Yote pamoja, kipande kimefika na 319 euro.

Mununuzi wa pili analipa 240, na fakture inaonyesha paka ile bei moja. Usafiri na asiransi ni ileile, kwa hiyo CIF ni 290. Duane ya 10 % ni 29. Amefika ku 319, na TVA ya Kongo haijaingia bado. Inaongezeka: 16 % ya 319 ni 51,04. Jumla 370,04. Amepoteza 51 euro, sababu alilipa takse ya Ufaransa, kiisha akalipa duane na TVA ya Kongo juu ya ile takse.

Ona tena jambo lingine. Mununuzi wa kwanza, kama alifanya hesabu yake mu nyumba, pengine aliandika 16 % ya 200, ni kusema 32. Deklaran anamwambia 44, na yeye anaona wanataka kumuiba. Lakini ile 12 ya juu haiko wizi: usafiri, asiransi na duane vinaingia mu hesabu ya TVA. Feza ya OCC, ya depo na ya kazi ya deklaran njo zinakuja kando. Zile unaweza kuuliza zielezwe moja moja, kila moja na karatasi yake.

Kila inchi na desturi yake

Ku Afrika ya Kusini, takse ni 15 % tangu tarehe 1 Aprili 2018. Bei yenye unaona mu magazini inakuwa na takse ndani: kitu cha rand 1 150 kiko na takse ya rand 150. Muuzishaji akituma yeye mwenyewe mpaka Kongo, anaweza kuhesabu takse sifuri. Kama ni wewe musafiri unabeba na mikono yako, unalipa kwanza, kiisha unaomba kurudishiwa pa mupaka wa kutoka. Inaomba ununuzi wako upite rand 250, vitu vitoke mbele ya siku 90, na ukuwe na fakture ya kweli ya takse. Kipande kidogo cha karatasi ya kese hakitoshi kila mara. Wenye kupanda basi kurudi Lubumbashi wanajua: wasafiri wengine wanabakia ndani, sababu mustari ni murefu na shofere anapiga klaksoni. Kwa kitu cha bei kali, shuka, upange mustari.

Ku Ufaransa, mugeni mwenye kukaa inje ya Umoja wa Ulaya, akinunua kwa zaidi ya euro 100 mu magazini moja, anaweza kuomba détaxe na kuiakikisha ku duane ya kiwanja cha ndege mbele ya kuondoka. Lakini ni mugeni tu. Mudogo wako mwenye kukaa kule na kufanya kazi kule hana ile haki, hata akuje Kongo kila mwaka. Mama mukubwa mwenye alienda kuangalia wajukuu na anarudi Likasi, yeye iko nayo. Kama mu jamaa kuko mutu wa kusafiri hivyo, yeye njo anapashwa kuandikwa ku fakture.

Ku Dubai, TVA ilianza tarehe 1 Januari 2018, na iko 5 % tu. Na kule pia, mugeni mwenye kupita anaweza kuomba arudishiwe.

Marekani ni mambo ingine. Kule hakuna TVA. Kila jimbo liko na takse yake ya uuzishaji, na bei yenye unaona kwanza haina takse. Takse inakuja mwisho, wakati unaandika adresi ya kupeleka koli. Zamani, muuzishaji wa intaneti mwenye hakuwa na nyumba ao wafanyakazi mu jimbo hakulazimishwa kulipisha takse ya lile jimbo. Tarehe 21 Juni 2018, tribinali kubwa ya Marekani ilikata maneno katika kesi ya South Dakota na kampuni Wayfair: majimbo yanaweza kulazimisha hata wauzishaji wa mbali. Tangu pale, njia ya kuponyoka ilifungwa karibu fasi yote. Ku Texas takse inaweza kufika 8,25 %: juu ya dola 200, ni 16,50. Majimbo tano hayana takse ya jimbo zima: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Ndiyo maana ajansi mingi za kutuma koli inje zinaweka depo zao ku Delaware ao Oregon. Serikali kuu ya Marekani hairudishie mugeni takse hiyo. Kwa hiyo mbele ya kumwambia ndugu yako akununulie, angalia kwanza anakaa jimbo gani.

"Bei ya kilo, yote ndani"

Kwa vitu vya China, jamaa nyingi hazioni DGDA hata siku moja. Zinapita kwa ajansi ya Guangzhou mwenye kupima koli na kusema bei ya kilo, "yote ndani". Ni njia yepesi, na ajansi wengine wanafanya kazi muzuri. Lakini uliza: ndani ya ile "yote", duane na TVA zililipwa? Kwa jina la nani? Kama ajansi hana deklarasio wala kitansi, koli ikikamatwa hauna karatasi ya kusema ni yako. Na kama TVA haikulipwa, feza yenye ulifikiri ulimupa Leta ilibakia mu mufuko ya mutu.

Container ya kampuni haiko yako

Mu mine kuko maneno yenye tunasikia mara mingi: "Mukubwa wa logistike anaweza kuingiza ordinatere yangu mu container ya kampuni, pale duane iko ndogo." Ni kweli kama kampuni iko na tarifu ya pekee. Kode ya mine ya mwaka 2002, yenye ilibadilishwa mu 2018, inaruhusu 2 % mbele ya kuanza uchimbaji na 5 % wakati wa uchimbaji. Lakini ile ni kwa vitu vyenye viko ku liste yenye Leta ilikubali, kwa kazi ya mine. Ordinatere ya mutoto haiko kazi ya mine. Ikipatikana mule, inaitwa fraude, na mutu wa kwanza kupoteza kazi hatakuwa mukubwa.

Na kama unafikiri karatasi ni mambo ya wazungu tu, angalia makampuni yenyewe. Tangu miaka mingi zinabishana na Leta juu ya kurudishiwa TVA yenye zililipa, mpaka mu 2016 serikali ikasimamisha kuzilipisha TVA ku mupaka. Hakuna kampuni yenye inaomba dola moja bila kuonyesha kitansi.

Kwa mutoto mwenye atelie

Mutoto akifungua atelie ya kutengeneza mashini, kuko jambo moja la kujua. Ile TVA yenye alilipa ku mupaka hawezi kuitoa ku takse zake kama mauzo yake ya mwaka haifike falanga milioni 80. Chini ya pale, hana ruhusa ya kulipisha TVA wala ya kuirudisha. Kwake, TVA ni sehemu ya bei ya kipande. Akisahau kuiweka mu hesabu, anatengeneza mashini ya watu na hasara, na papa mwenye alitoa mushahara ku mwanzo atajiuliza faida ilienda wapi.

Mbele ya kubonyeza "lipa", uliza mambo haya:

Bei hii iko na takse ndani ao bila? Kama iko ndani, ni ngapi?

Muuzishaji anaweza kutuma mwenyewe mpaka Kongo na kufanya fakture bila takse?

Fakture itaandikwa jina langu, na kila kipande na bei yake?

Deklaran anasema kipande hiki kinaingia ku 5, 10 ao 20 %? Muulize mbele, hapana siku koli inafika.

CIF, duane, TVA, OCC na kazi ya deklaran: yote pamoja inafika ngapi? Kisha linganisha na bei ya magazini ya hapa. Mara ingine utaona kipande cha ku muji, chenye ulifikiri ni cha bei kali, njo kinakuponyesha.

Na kitansi ya TVA, usiitupe. Iweke pamoja na karatasi za mushahara.