Uvimbe Kwenye Kizazi: Hesabu Pedi Kabla ya Kuhesabu Sentimita

Wanawake wengi wanaokuja kliniki kwa ajili ya uvimbe kwenye kizazi huanza kwa kuniwekea mezani karatasi ya altrasaundi. Kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye kipimo. "Daktari, wameniambia una sentimita 5. Nitapasuliwa?" Namwomba aiweke pembeni kwanza, kisha namuuliza: hedhi yako inachukua siku ngapi? Siku ya pili unabadilisha pedi mara ngapi? Usiku unaamka kubadilisha? Damu inatoka na mabonge? Unatarajia kuzaa tena? Majibu hayo yana uzito kuliko zile sentimita.

Uvimbe huu, ambao siku hizi wengi wanauita faibroidi, ni nyama inayoota kutoka kwenye misuli ya kizazi chenyewe. Si saratani, na ni nadra sana kukuta saratani ndani ya uvimbe uliodhaniwa kuwa faibroidi. Hulishwa na homoni za kike, estrojeni na projesteroni, ndiyo maana hauwapati mabinti ambao hawajavunja ungo, na kwa kawaida husinyaa hedhi inapokoma. Unaweza kuwa mmoja au makumi, mdogo kama dengu au mkubwa kama tikiti maji. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake weusi wanapofika miaka 50, zaidi ya asilimia 80 wanakuwa nao. Kwa wazungu ilikaribia asilimia 70. Wengi hawakuwa na habari kwamba wanao. Kwa hiyo kukutwa na faibroidi peke yake si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Usiokusumbua hauhitaji dawa wala kisu, unahitaji kufuatiliwa tu.

Kinachotofautisha uvimbe na uvimbe ni mahali ulipoota. Wa sentimita 2 uliochomoza ndani ya kizazi, palepale hedhi inapotokea, unaweza kummaliza mtu damu. Wa sentimita 8 ulioota upande wa nje unaweza kukaa miaka bila kuigusa hedhi, ila ukabana kibofu akawa anakwenda haja ndogo kila mara, au ukabana utumbo akafunga choo, au akaumwa kiuno bila kujua sababu. Ule unaoharibu umbo la ndani ya kizazi ndio unaoweza kuzuia mimba isishike au kuiporomosha. Hata hivyo nawasihi wenye kutafuta mtoto wasiishie hapo: mirija ipimwe, na mume naye apimwe mbegu, kabla ya lawama yote kutupiwa uvimbe.

Nirudi kwenye damu, maana hapo ndipo tunapochelewa zaidi. Anaingia mama amevaa sketi nyeusi, mtandio kajifunga kiunoni, begani mkoba wenye pakiti ya pedi na nguo ya ndani ya kubadilisha. Anakaa ukingoni mwa kiti asije akakichafua. Ukimuuliza kama hedhi yake ina shida, anajibu haina. Mama yake alikuwa hivyohivyo, dada zake wako hivyohivyo. Nyumbani aliambiwa ni chango. Ukweli ni kwamba faibroidi hutembea katika ukoo, na ukoo mzima unaweza kuvuja damu kwa vizazi viwili, kila mmoja akidhani ndivyo wanawake walivyoumbwa.

Hedhi inayozidi siku 7 si ya kawaida. Kulowanisha pedi kila baada ya saa moja au mbili si kawaida, wala kuvaa pedi mbili kwa pamoja, wala kutoa mabonge makubwa, wala kukosa kazi au shule kila mwezi. Mwanamke wa namna hiyo apimwe wingi wa damu siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu mwanamke asiye mjamzito kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Wapo wanaokuja kwa daladala, kwa miguu yao, wakiwa na 5. Mwili umezoea polepole. Wanachosema ni kwamba wanachoka, moyo unakwenda mbio wakipanda ngazi, na wanapenda kutafuna barafu au udongo. Ule udongo wa vijiti unaouzwa sokoni una maana kwangu: mara nyingi anayeutamani asiye mjamzito amepungukiwa madini ya chuma, na udongo wenyewe unazuia yale machache yaliyomo kwenye chakula yasifyonzwe. Ukimvuta ukope wa chini unakuta ndani pameupe.

Hivyo tiba ya kwanza ni kurudisha damu, kwa vidonge vya madini ya chuma, kwa sindano ya mshipa ikibidi, au kwa kuongezewa damu hali ikiwa mbaya. Vidonge vinywewe na maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na kahawa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Usiache siku unapojisikia nafuu. Akiba ya mwili hujaa baada ya miezi mingine kama mitatu tangu kipimo kirudi sawa.

Kisha tunapunguza damu inayotoka. Asidi ya traneksamiki ni kidonge kinachotumika siku za hedhi nzito tu, na hakina homoni. Haimfai mtu aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa. Ibuprofeni au asidi ya mefenamiki husaidia maumivu na hupunguza damu kidogo. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuituliza hedhi, lakini haviusinyazi uvimbe. Kwa mwanamke asiyetafuta mimba kwa sasa na ambaye umbo la ndani la kizazi chake halijaharibika, dawa ninayoipenda zaidi ni kitanzi chenye homoni ya levonojestreli. Kinakaa miaka kadhaa na hupunguza damu sana, wengine hedhi hukatika kabisa. Miezi ya mwanzo kuna matone yasiyo na mpangilio, na kwa mwenye faibroidi kinaweza kutoka chenyewe, kwa hiyo lazima arudi kuangaliwa.

Dawa zinazousinyaza uvimbe wenyewe zipo pia. Sindano kama goserelini huzima homoni za mwanamke kwa miezi michache: uvimbe unapungua, hedhi inakatika, na joto la ghafla na jasho vinakuja. Zikitumika muda mrefu mifupa hudhoofika, na ukiziacha uvimbe unarudi. Thamani yake kubwa ni kumpa mgonjwa nafasi ya kujenga damu kabla ya upasuaji, au kumvusha aliye karibu kukoma hedhi. Tangu mwaka 2020 Marekani imeidhinisha vidonge vya kundi jipya, elagoliksi na kisha relugoliksi, vikichanganywa na kiasi kidogo cha homoni ili kulinda mifupa.

Tiba ambayo wagonjwa wangu wengi hawajawahi kuisikia ni kuziba mishipa inayolisha uvimbe. Ilianzia Paris, ambako Jacques Ravina na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1995. Daktari bingwa wa radiolojia tiba anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, anaufuatilia kwa eksirei hadi kwenye mishipa ya kizazi, kisha anaachia chembechembe zisizofika milimita moja. Uvimbe unakosa damu na kusinyaa, mara nyingi kufikia karibu nusu ya ukubwa wake ndani ya miezi kadhaa. Kizazi chenyewe kinaendelea kupata damu kwa njia nyingine. Siku ya kwanza ina maumivu makali yanayohitaji dawa nzito, kisha wengi hurudi nyumbani mapema. Condoleezza Rice, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, alifanyiwa hivyo mwaka 2004. Kwetu Tanzania, mafunzo ya radiolojia tiba yapo Muhimbili, na Nairobi tiba hii inapatikana katika Hospitali ya Aga Khan.

Ina mipaka yake. Utafiti wa Uingereza wa wanawake 254, uliochapishwa mwaka 2020, uliilinganisha na upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini waliopasuliwa walikuwa na hali bora zaidi baada ya miaka miwili. Baadhi ya wanaozibwa mishipa huhitaji tiba nyingine baadaye, na kwa anayetaka kuzaa bado tunaegemea upasuaji. Upasuaji nao hauzuii uvimbe mwingine kuota. Lupita Nyong'o, mwigizaji Mkenya tunayemfahamu sote, alieleza Julai 2025 kwamba aliwahi kuondolewa uvimbe 30, na akaambiwa kurudi kwake ni suala la muda tu. Sasa anahimiza utafiti wa tiba zisizo za kisu.

Kuhusu zile "dawa za kuyeyusha uvimbe" zinazotangazwa kila kona, nasema wazi: hakuna mzizi wala kidonge cha asili kilichothibitishwa kuyeyusha faibroidi. Vile vidonge vya kuweka ukeni vinavyodaiwa kutoa uvimbe vipande vipande huunguza. Kinachotoka mara nyingi ni utando wa uke uliochubuka pamoja na mabaki ya dawa yenyewe. Nimewatibu wanawake waliopata vidonda na makovu kwa sababu yake, na waliotumia akiba ya mwaka mzima huku damu ikiendelea kushuka.

Ukilowanisha pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukihisi kizunguzungu huku damu inatoka, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone, asikubali kuambiwa ni faibroidi mpaka apimwe. Katika umri huo damu inaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, na ikigunduliwa mapema inatibika.