Kijana wa Nkombo Asiachwe Ufukoni

Kisiwa cha Nkombo, wilayani Rusizi, kimezungukwa na maji ya Ziwa Kivu, na ng'ambo yake ni Kongo. Kijana aliyeacha shule hapa huwa na njia chache: uvuvi wa sambaza, ubebaji wa mizigo, au kishawishi cha kuvusha bidhaa za magendo usiku. Akiitwa mhalifu kabla hajatenda kosa, huishia kuwaamini wale tu wanaomkaribisha gizani.

Kazi ya vijana ni kumkaribisha mapema. Tangu mwaka 2013, vijana wa kujitolea wanaoshirikiana na Polisi ya Taifa ya Rwanda katika kuzuia uhalifu wamewajengea nyumba wasiojiweza, wamewarejesha watoto shuleni na kupiga vita dawa za kulevya. Kijana aliyeonekana kuwa mzigo, akishika jembe pamoja na wenzake siku ya umuganda, majirani humwona kwa jicho jingine, naye hujiona mwenye dhamana.

Lugha nayo ni mlango. Nkombo huzungumzwa Kimashi, pamoja na Kinyarwanda na Kiswahili. Anayemwendea kijana huyo amsemeshe kwa lugha ya nyumbani kwao, amsikilize kwanza, ndipo amwelekeze shuleni, kwenye ufundi au katika ushirika.

Wazazi na viongozi wa midugudu, samaki mkunje angali mbichi. Mkimwona kijana anaanza kupotea, mleteni kwa wenzake. Akiwa hatarini, pigeni simu 112 bila malipo.