Shimizi: wasia wa Mtume (S.A.W) na deni la mume

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa vazi la kumsitiri na kumpamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo: shimizi na gagulo, yaani nguo zivaliwazo chini ya gauni na sketi.

Atakayesimama asubuhi kandokando ya barabara iendayo Ifakara, pale kijijini Sanje, ataelewa haja ya mazungumzo haya. Kijiji kimeegemea milima ya Udzungwa upande wa magharibi, na jua huchomoza kutoka upande wa bonde lililo wazi. Joto la Kilombero huwafanya kina mama na mabinti wapende nguo nyepesi, hasa dera. Dera ni vazi refu, pana na la heshima. Lakini mvaaji apitapo baina ya mtazamaji na jua lile la asubuhi, upana hausaidii kitu. Umbo huonekana kama kivuli nyuma ya pazia. Mwenyewe hana habari, kwani alipojitazama chumbani hakuona kasoro.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Usama bin Zaid (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) alimpa nguo nzito ya Kimisri, miongoni mwa zawadi alizoletewa na Dihya al-Kalbi. Usama akampa mkewe. Baadaye Mtume akamuuliza mbona haivai ile nguo. Akajibu kuwa amemvisha mkewe. Hapo Mtume akamtaka amwamuru mkewe aweke chini yake ghilala, yaani nguo ya ndani, kwa kuchelea isije ikaonesha umbo la mifupa yake.

Tuizingatie hadithi hii. Nguo ile ilikuwa nzito, na bado ilihitaji nyingine chini yake, kwa kuwa kitambaa huweza kuficha rangi ya ngozi kisifiche umbo. Tena Mtume hakuiharamisha nguo ile wala hakuagiza itupwe. Mke wa Usama alibaki na vazi lake zuri, likaongezewa stara. Na hakumkemea mwanamke mbele za watu. Alisema na mumewe, kwa upole.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, wameipambanua hukumu yake katika Sala. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa sharti la kisitiri ni kuzuia rangi ya ngozi isionekane. Kwa hiyo, anayesali kwa dera linaloonesha ngozi, bila ya kitu chini yake wala juu yake, Sala yake haisihi. Kama rangi imefichika na umbo likaonekana, Sala inasihi, ila kwa mwanamke ni karaha.

Wapo wanaume wanaoharakia kuwasomea wake na mabinti hadithi ya Sahihi Muslim juu ya wanawake waliovaa ilhali wako uchi. Hadithi hiyo ni sahihi, na onyo lake ni zito. Lakini katika kitabu hichohicho cha Minhaj, mlango wa matumizi ya mke, imetajwa kanzu, suruali ya ndani, mtandio na viatu kuwa mavazi ambayo ni wajibu wa mume kumpa mkewe. Nguo ya ndani, basi, ni deni shingoni mwa mume. Yule anayenunua dera moja la Idi, asiulize la kuvaliwa chini yake, kisha akamlaumu mkewe njiani, amedai haki ambayo yeye mwenyewe hajaitimiza.

Wala gharama isiwe kisingizio. Fundi cherehani huweza kutia bitana katika gauni au kushona gagulo la pamba; na asiyejaaliwa, kanga moja ikifungwa vyema chini ya dera inatosha. Kwa joto letu, pamba ni bora kuliko nailoni, kwa sababu hufyonza jasho. Gauni lenye shimizi chini yake hulala vizuri, halinati mapajani wala haliingii katikati ya miguu wakati wa kutembea. Unadhifu huo nao ni katika dini, kwani Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri.

Nasi wanaume tujitazame. Kanzu nyeupe ya melimeli bila ya msuli au suruali chini yake humfedhehesha mvaaji anaporukuu na kusujudu, na safu ya nyuma inaona. Na kabla ya aya ya 31 ya Suratin Nur, inayowaamrisha wanawake stara, ipo aya ya 30 inayotuamrisha wanaume kuinamisha macho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na Akhera, na atuvishe vazi la uchamungu, ambalo ndilo bora. Amin.